Maadui wa filamu kwa rangi na kejeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Unguja na Pemba

Maswali haya hurudi kila mara vijana wanapotaka kuchora maadui wa sinema kwa mzaha, kutengeneza vinyago vyao, au kuandaa onesho dogo la kuwakumbuka. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya ubishi. Jibu likishatolewa mahali hatulirudii, tunakuelekeza kwenye namba yake.

## Misingi

1. Kejeli inatofautiana vipi na kuchora picha tu?

Ukimchora Gabbar Singh, jambazi wa filamu ya Kihindi *Sholay*, amesimama juu ya mwamba na mkanda wake mkononi, umechora picha. Ukimchora yuleyule amechutama Darajani akibishana bei ya mkungu wa ndizi, mkanda ameulaza juu ya mizani, hapo umefanya kejeli. Masharti ni mawili: mtazamaji amtambue adui kwa jicho la kwanza, na kitu kimoja kwenye picha kiwe si mahali pake. Kimoja, si vitano. Wanaoanza huweka miwani ya jua, kofia ya mkulima, baiskeli na madafu kwa pamoja, halafu hushangaa watu hawacheki.

Huku kwetu mzaha wa namna hii ni wa zamani. Beni ilianza kwa kuziiga na kuzibeza bendi za kijeshi za wakoloni, na mpaka leo Beni ya Mbwa Kachoka ikipita mtaani siku ya harusi, magwaride yale yale yamegeuzwa kicheko.

2. Kwa nini adui na si steringi?

Steringi hafi, na hilo ndilo kubwa linalojulikana juu yake. Adui ana vitu vya kushika: upara, paka, meno, ndevu, namna ya kucheka. Mchoraji anaishi kwa vitu hivyo.

Tena kumbukumbu ya watu humng'ang'ania mbaya. Siti binti Saad aliimba kisa cha kweli cha mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja akitokea Dar es Salaam. Jina la marehemu halikubaki midomoni mwa watu kama lilivyobaki la muuaji, Kijiti.

3. Nianze na maadui gani?

Anza na wale ambao hata bibi yako akiwaona atawataja. Kwa watazamaji wa visiwani, filamu za Kihindi ndizo za mwanzo, kisha za ngumi, kisha za James Bond.

Gabbar Singh wa *Sholay* (1975), aliyeigizwa na Amjad Khan: ndevu za siku nyingi, nguo za kijeshi zilizochakaa, na mkanda anaouburura kwenye mwamba. Mkanda ndio alama yake. Ukiusahau umechora jambazi yeyote. Mogambo wa *Mr. India* (1987), aliyeigizwa na Amrish Puri: koti lenye mapambo ya dhahabu na macho yaliyotoka. Macho yachore makubwa kuliko inavyostahili, kwani Puri mwenyewe aliyatumia hivyo. Huyo huyo Puri ndiye Mola Ram wa filamu ya Indiana Jones ya 1984, jambo linalowashangaza wengi.

Bolo Yeung, wa *Enter the Dragon* (1973) na *Bloodsport* (1988), ni kifua tu. Uso unaweza kuwa mistari minne. Jaws, aliyeigizwa na Richard Kiel katika filamu mbili za Bond, za 1977 na 1979, ni meno ya chuma na urefu wa zaidi ya mita mbili. Mpe mtu wa kawaida pembeni ili urefu uonekane.

Blofeld, adui mwingine wa Bond, ana faida ya pekee, kwa sababu kejeli juu yake ni mnyororo mrefu. Donald Pleasence alimwigiza mwaka 1967 akiwa na upara, kovu la jichoni na paka mweupe. Mwaka 1980 *Shaan* ya India ikamleta Shakaal, kipara mwenye maskani ya siri kisiwani. Mwaka 1997 Dr. Evil wa *Austin Powers* akaja kuwacheka wote, na paka wake akiwa hana manyoya. Ukiongeza paka wa Forodhani anayemwangalia Blofeld kwa dharau huku akisubiri mabaki ya pweza, umejiunga na mnyororo huo kihalali.

4. Wageni hutuuliza: Freddie Mercury anaingiaje kwenye maadui wa filamu?

Anaingia kwa mlango wa muziki. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka mwaka 1964. Bendi yake, Queen, ndiyo iliyotunga muziki wa *Flash Gordon* (1980), ambamo Max von Sydow alikuwa Ming, mfalme katili wa sayari nyingine. Bendi hiyo hiyo iliimba nyimbo za *Highlander* (1986), yenye adui aitwaye Kurgan. Kwa hiyo picha ya Ming amekaa kwenye baraza ya Shangani ina sababu ya kuwepo, na wengi hawaijui mpaka wasome maelezo yaliyo chini yake (tazama 15).

5. Zamani maadui hawa walionekana wapi hapa Unguja?

Kwenye majumba ya sinema ya mjini, na lililobaki kuwa alama ni Majestic, Vuga. Jengo la kwanza mahali pale lilikuwa Royal la mwaka 1921, lililosanifiwa na J. H. Sinclair. Liliungua katika miaka ya 1950, na jengo jipya likakamilika mwaka 1955. Baadaye zikaja kanda za video na vibanda umiza, na huko ndiko Bolo Yeung alikopata umaarufu wake hasa.

## Ubao na rangi

6. Nichore juu ya nini?

Hadibodi ya milimita 3. Bamba zima la futi 4 kwa 8 hutoa vibao 8 vya futi 2 kwa 2, kipimo cha Tingatinga. (Mtindo huo, ingawa umejaa kwenye maduka ya Mji Mkongwe, ulianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, si Unguja.) Mwambie fundi seremala akukatie kwa msumeno wa meno madogo, maana mkubwa hupasua kingo.

Upande laini ndio wa kuchorea. Upige msasa namba 180 mpaka mng'ao utoke, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Paka praima mbele, nyuma na kwenye kingo zote nne. Lita moja inatosha vibao vyote 8 kwa mkono mmoja wa pande zote mbili. Subiri saa 24.

7. Rangi ipi, na hatua zikoje?

Rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia milango, kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Makopo madogo matano yanatosha: nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano, buluu. Nyingine utazichanganya. Tapentaini isizidi sehemu moja kwa kumi za rangi. Ukizidisha, mng'ao unapotea na mistari inachuruzika.

Paka mandhari ya nyuma kwanza, rangi moja au mbili zinazoingiana, na uache ikauke usiku kucha. Chora adui kwa chaki. Jaza maumbo makubwa bila kivuli. Siku ya tatu weka vitu vidogo kwa brashi nyembamba: macho, meno, vifungo, nywele za paka. Kile kitu kisicho mahali pake (swali la 1) kipakwe mwisho, na kwa rangi isiyotumika kwingine pichani. Jicho litakwenda lenyewe.

8. Kwa nini picha yangu imeharibika?

Dalili zinakwambia sababu. Ubao ukijipinda kama kigae, umepaka praima upande mmoja tu, na upande wa pili umekunywa unyevu wa pwani. Rangi ikijikunja kama ngozi ya maziwa, umeweka mkono wa pili kabla wa kwanza haujakauka chini, hata kama juu ulikuwa mkavu. Rangi nyeusi ikitoka na ukungu mweupe, umepaka jioni wakati umande unashuka. Wakati wa masika ndiyo balaa zaidi: paka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na siku ya mvua acha kabisa.

Chembechembe ndogo ngumu kwenye rangi ni mchanga. Nyumba ikiwa karibu na pwani, funga dirisha la upande wa upepo hata kama joto linakera.

## Vinyago, nyuso na kanga

9. Kinyago cha karatasi kinatengenezwaje?

Puliza puto lilingane na kichwa cha mvaaji, au ufinyange uso kwa udongo na kuufunika kwa mfuko wa plastiki. Chana magazeti vipande vya upana wa sentimita 3. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, kwani ukingo uliochanika hulala vizuri zaidi. Gundi ni uji: koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano ndani ya kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, koroga dakika mbili au tatu mpaka uwe na mng'ao. Uache upoe.

Weka tabaka sita. Badilisha: tabaka la gazeti, tabaka la karatasi nyeupe, ili uone wapi hujafunika. Kila baada ya tabaka mbili acha zikauke kwenye kivuli chenye upepo. Usianike juani, kwani puto litatanuka, litapasuka, na kinyago kitapata ufa katikati ya uso. Pua, kidevu na nyusi vinaongezwa kwa karatasi iliyolowekwa na kupondwa, baada ya tabaka la nne.

10. Kinyago changu kimeota ukungu. Niongeze chumvi kwenye gundi?

Hapana. Maelekezo mengi ya nchi za baridi yanataka chumvi, lakini chumvi huvuta maji kutoka hewani, na hewa yetu imejaa maji. Kinyago kitakuwa kama ngozi ya samaki, hakikauki. Tumia mafuta ya karafuu au ya makonyo: matone 8 hadi 10 kwa lita moja ya uji uliopoa. Makonyo hukamuliwa Pemba, kiwandani Wawi, hivyo dawa iko karibu. Inazuia ukungu na inapunguza hamu ya mende.

Mafuta hayo yakigusa ngozi bila kuchanganywa huwasha, kwa hiyo usiyapime kwa kidole. Kinyago kikishakauka kabisa, paka vanishi nje na ndani, kisha bandika kitambaa cha pamba sehemu inayogusa paji la uso na mashavu.

11. Naweza kupaka rangi usoni badala ya kinyago?

Unaweza, kwa rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi tu. Rangi ya mafuta ya swali la 7 kamwe isiguse uso, wala unga wa metali wa kupakia majeneza na fremu. Mifano ipo. Kwenye *The Wizard of Oz* (1939) Margaret Hamilton, yule mchawi mbaya, aliungua moto uliporipuka jukwaani, na rangi yake ya kijani ilikuwa na shaba, ikabidi isuguliwe kwa spiriti juu ya majeraha. Mwenzake Buddy Ebsen alilazwa hospitali kwa kuvuta unga wa alumini aliopakwa, na nafasi yake akapewa mtu mwingine.

Kabla ya onesho jaribu rangi nyuma ya sikio, usubiri siku nzima. Kwa wachawi wa kijani wa hapa kwetu, unga wa liwa uliotiwa rangi ya chakula hutoa kijivu-kijani kizuri, ila jasho huusomba baada ya nusu saa.

12. Na meno ya Jaws?

Usivae chuma. Hata Kiel mwenyewe aliyavaa yale meno kwa muda mfupi mfupi, kwa jinsi yalivyomtesa. Chukua karatasi ya fedha ya chokoleti, ibandike juu ya kipande cha plastiki laini kilichokatwa kwa umbo la meno ya juu, kiingie nyuma ya mdomo. Kitoke kwa kidole kimoja. Mvaaji asile urojo akiwa nacho.

13. Tunataka kanga ya adui. Inawezekana bila kiwanda?

Inawezekana kwa doti moja moja. Nunua kitambaa cha pamba cheupe, mita 1.5 kwa 1.1 kila kipande, ukifue kwa sabuni kwanza ili wanga utoke. Kiolezo kikate kwenye filamu kuukuu ya eksirei, haivimbi kwa rangi. Fuata mpangilio wa kanga ya kweli: pindo pande zote, mji katikati, jina chini ya mji. Pindo la kurudiarudia ndipo penye raha: paka, paka, paka kwa Blofeld, au mikanda kwa Gabbar. Paka rangi ya kitambaa kwa kugusagusa sponji iliyo karibu kavu. Ikiwa majimaji hupita chini ya kiolezo. Baada ya siku moja piga pasi ya moto upande wa nyuma, dakika tano kila sehemu.

Jina ndilo linalobeba kejeli, na lazima lisomeke kama jina la kanga, si kama tangazo. Baadhi ya yanayofanya kazi:

PAKA UMEMLEA WEWE, MAKUCHA WALAUMIWA WAGENI (Blofeld)
FURAHA YAKO HASARA YANGU, FURAHI PEKE YAKO (Mogambo, ambaye kila mara hutangaza kuwa amefurahi)
MENO YA CHUMA, MANENO YA PAMBA (Jaws, mtu wa maneno machache sana)

## Kuonesha

14. Tunahitaji ruhusa gani?

Onesho la hadhara, hasa lenye filamu au igizo, lipitishe Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU. Kwa maandamano ya vinyago mtaani, anza kwa sheha wa shehia husika, kisha polisi. Peleka barua mapema, ieleze njia mtakayopita na saa. Panga kimya wakati wa adhana bila kusubiri kuambiwa. Mwezi wa Ramadhani acha.

Kuhusu kuta: usigonge msumari ukuta wa mawe ya matumbawe. Lipu ya chokaa hutoka kipande kizima, na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo msumari wako una wenyewe. Laza ubao wa mbao juu ya boriti au komeo la dirisha, utundike picha kwa mshipi wa kuvulia. Hauonekani, na mshipi wa kilo 20 hubeba kibao cha hadibodi bila wasiwasi.

15. Chini ya picha tuandike nini?

Mistari minne: jina la adui, aliyemwigiza, filamu, mwaka. Wa tano, ukitaka, uwe jambo moja la ajabu. Pima jambo hilo kabla ya kuliandika, kwani barazani hakukosi mjuzi.

Wengine walikuwa watu wawili. Darth Vader wa *Star Wars* alikuwa mwili wa David Prowse na sauti ya James Earl Jones. Prowse alifariki 2020, Jones 2024. Andika wote wawili. Kwa Gabbar, jambo la ajabu zuri ni kwamba Amjad Khan, akiwa na sura ile ile ya ujambazi, baadaye alitumiwa kutangaza biskuti, na kwamba maongezi ya filamu yale yaliuzwa kwenye santuri kama muziki.

16. Watazamaji wanabishana: Gabbar anakufa au anakamatwa?

Wote wanaweza kuwa sahihi. Mwisho uliopigwa kwanza, Thakur, polisi wa zamani aliyekatwa mikono na Gabbar, anamuua kwa viatu vyenye misumari. Sensa ya India haikuukubali, ukapigwa mwingine ambamo polisi wanafika na kumchukua, na huo ndio uliooneshwa sinema mwaka 1975. Nakala zenye mwisho wa awali zilizunguka kwenye kanda baadaye. Muulize mtu aliiona wapi kabla hujamwambia amekosea. Ukiichora, chora viatu tu, vimewekwa mlangoni kama vya msikitini: waliouona mwisho ule watacheka peke yao, na wenzao watauliza.

17. Si tunavunja hakimiliki?

Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, na swali la biashara lipelekeni huko. Kwa kazi ya kila siku: usinakili bango la filamu kwa kulipitisha kalamu juu yake, usitumie nembo ya kampuni, usichapishe picha tulivu iliyokatwa kwenye filamu. Mchoro wako mwenyewe, wenye wazo lako mwenyewe, una mguu wa kusimamia. Ukianza kuuza fulana kwa mamia, mambo ni mengine.

## Penye utata

18. Popobawa tumuweke miongoni mwa maadui?

Hapana. Popobawa ni pepo anayedaiwa kuwashambulia watu usiku. Hofu yake ya mwaka 1995 ilianzia Pemba ikaja Unguja, na watu waliodhaniwa kuwa ndiye walipigwa. Bado wapo walioumia. Gabbar ameandikiwa maneno na mtu, amelipwa mshahara, amekwenda nyumbani kula. Kejeli inahitaji pazia kati ya adui na mtazamaji, na kwa Popobawa pazia hilo halipo.

19. Na mwanasiasa, au jirani anayefanana na Mogambo?

Adui wa kejeli awe wa filamu, akae wa filamu. Sura ya mtu hai wa mtaani ikiingia pichani, hata kwa bahati mbaya, badilisha pua na masharubu kabla ya kutundika. Vivyo hivyo usiwaguse Wahindi wa mtaa kwa sababu ya Mogambo, wala Wachina kwa sababu ya Bolo. Unayemcheka ni mhusika mmoja, mwenye koti moja.

20. Muigizaji akifariki, tuitoe picha?

Iacheni, ongezeni mwaka kwenye maelezo. Amjad Khan alifariki 1992, Amrish Puri 2005, Kiel 2014, na picha zao ndizo zinazosimamisha watu muda mrefu. Siku za mwanzo baada ya kifo geuzeni mpangilio: picha isiyo na mzaha mbele, ya kejeli nyuma yake.

21. Watoto wadogo wanalia wakiona vinyago. Tufanye nini?

Mvaaji akae chini, avue kinyago mbele yao, ampe mtoto akishike na kukiona ndani, penye kitambaa na uzi. Kisha avae tena polepole akiendelea kuzungumza kwa sauti yake ya kawaida. Asikimbize mtoto hata kama wakubwa wanamshangilia. Vinyago vya Jaws na Darth Vader viwekeni juu ya usawa wa macho ya watu wazima, cha paka wa Blofeld chini, wanapofika wao.